Sarafu za Kirumi, Kiparthi na Bizanti: jinsi ya kuanza kukusanya na kujua umeshika nini

Wengi tukisikia sarafu ya Kirumi tunafikiria kitu cha makumbusho, kiko ndani ya kioo na mlinzi amesimama pembeni, kumbe zile za shaba ndogondogo za karne ya 4 zilitengenezwa nyingi mno na mpaka leo unaipata moja kwa bei ya sahani ya chakula. Mimi naishi Birmingham, kazi zangu ni za zamu, na nilianza na sarafu tano tu nilizonunua kwenye meza ya mzee mmoja kwenye maonyesho, bado zina udongo. Kila nilichosoma kilikuwa kwa Kiingereza au Kijerumani, kwa hiyo hapa naandika vile nilivyotamani mtu aniandikie mimi wakati ule.

Kabla hatujaanza shika jambo moja, maana mimi lilinichukua muda mrefu kulielewa: hizi aina tatu hazisomwi kwa njia moja. Ya Kirumi unaanza na jina. Ya Kiparthi, yaani ya wafalme wa kale wa Iran, jina halikusaidii kitu, unaanza na uso. Ya Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki, unageuza nyuma kwanza unatafuta herufi kubwa. Ukichanganya hizo njia utakaa na sarafu wiki nzima unaikodolea macho tu.

Hatua ya 1: vifaa. Sio vingi. Lenzi ya sonara ya mara 10, mizani ndogo inayopima mpaka sehemu ya mia ya gramu, rula ya milimita, na taa moja ya mezani unayoweza kuilaza pembeni. Hiyo taa ndiyo muhimu kuliko vyote. Mwanga ukitoka juu sarafu iliyochakaa inaonekana kipande cha shaba kisicho na kitu, ukiulaza pembeni karibu usawa wa meza herufi zinaanza kuinuka moja moja. Izungushe sarafu polepole chini ya mwanga huo, usizungushe taa.

Hatua ya 2: kununua, na sheria. Anza na sarafu ambazo mtu mwingine ameshazitambua, mbili tatu tu, ili macho yako yazoee kitu kizuri kinafananaje. Hayo mafurushi ya sarafu zisizosafishwa yanavutia sana ila mengi yameshachambuliwa, zilizobaki ni zile zilizoliwa na kutu. Muulize muuzaji imetoka wapi na dai risiti. Nchi kama Uturuki, Misri, Italia, Syria na Iraki zina sheria kali kuhusu kutoa vitu vya kale nje ya nchi, na vita vya Syria na Iraki vimefanya maeneo mengi ya kale yachimbwe ovyo, kwa hiyo muuzaji akianza kukwepa hilo swali mimi namrudishia sarafu yake naondoka, hata kama ni nzuri namna gani.

Walioko Uingereza wakitembea na mashine ya kutafuta vyuma: ruhusa ya mwenye shamba kwanza. Alafu kuna Treasure Act ya 1996, ambayo inasema ukipata sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha mahali pamoja zenye umri wa miaka 300 kwenda juu, au kumi na zaidi za madini ya kawaida, lazima utoe taarifa ndani ya siku 14. Na usichimbe mwenyewe. Mwaka 2010 kule Frome, Somerset, mtu alikuta mdomo wa chungu umejaa sarafu, akaacha kuchimba akaita wataalamu. Walikuta sarafu 52,503 ndani ya chungu kimoja, na kwa kuwa walizitoa kwa tabaka waliweza kuona zipi ziliingia kwanza na zipi baadaye. Angevuta kwa tamaa hiyo habari yote ingepotea. Na kwetu pwani ni vilevile, ukiona sarafu ya zamani kwenye magofu Kilwa au Pemba iache ilipo, piga picha, waambie watu wa Mambo ya Kale.

Hatua ya 3: kusafisha. Hapa ndipo watu wanaharibu. Hakuna limao, hakuna siki, hakuna brashi ya waya, hakuna dawa ya kung'arisha. Ile rangi ya kijani au kahawia iliyoganda juu ya shaba ndiyo inayobeba herufi, ukiitoa unabaki na shaba nyekundu iliyokufa na hakuna mtu ataitaka. Tumia maji yasiyo na madini, yale ya kujazia betri ya gari (soma chupa vizuri isije ikawa asidi), ziloweke kwenye kikopo cha plastiki, badilisha maji kila baada ya siku chache, na udongo ukilainika uchokonoe kwa kijiti cha meno chini ya lenzi. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi. Za fedha zinataka kuguswa kidogo zaidi, mara nyingi maji tu yanatosha.

Ukiona vidoa vya kijani kibichi mpauko vyenye unga unga, ukigusa vinapukutika, hiyo sio rangi ya uzee, hiyo ni kutu mbaya inayokula shaba kutoka ndani kwa sababu ya chumvi na unyevu. Itenge sarafu hiyo upesi na uiweke pakavu kabisa. Mimi nimepoteza moja nzuri sana ya mfalme Constantius kwa kuichukulia mchezo.

Hatua ya 4: pima na piga picha kabla ya kubahatisha. Uzito, kipenyo, rangi ya madini, picha pande zote mbili. Ukianza kubahatisha kabla ya kupima utaanza kuona unachotaka kuona.

Hatua ya 5: ni ya nani kati ya hawa watatu? Kwa haraka: kichwa kimoja cha pembeni kinatazama kulia, herufi za Kilatini zimezunguka duara, basi elekea Roma. Fedha, mfalme mwenye ndevu anatazama kushoto, nyuma kuna mtu amekaa ameshika upinde, hiyo ni Parthia bila shaka. Mfalme anakutazama wewe usoni ana msalaba mkononi, au nyuma kuna herufi moja kubwa kama M, hiyo Bizanti. Kuna za mpakani zinazodanganya ila tuanze na hizi.

Hatua ya 6: za Kirumi. Mtakumbuka kile kisa cha kwenye Injili walipomletea Yesu dinari akauliza sanamu hii na anwani hii ni ya nani. Ndio mpangilio wenyewe, sanamu na anwani. Maandishi kawaida yanaanza chini kushoto, kama pale saa inapoonyesha 7, yanapanda kuzunguka kwenda kulia. Hakuna nafasi kati ya maneno, na U inaandikwa V. Vyeo vinajirudia, kwa hiyo vikariri kisha viondoe kwenye maandishi, kinachobaki ndio jina. IMP ni amiri jeshi, CAES ni Kaisari, AVG ni Augustus, P M ni kuhani mkuu, COS ni konsuli, ofisa mkuu wa Roma, na namba inayofuata ni mara ngapi ameshika nafasi hiyo, TR P ni mamlaka ya utetezi wa wananchi iliyofanywa upya na kuhesabiwa kila mwaka. Hizo namba ndizo zinakupa tarehe. Ukikuta dinari ya fedha imeandikwa nyuma COS V P P S P Q R OPTIMO PRINC huyo ni mfalme Traianus, kati ya 103 na 111.

Kama herufi zimefutika angalia kichwani amevaa nini. Taji la majani lilitumika muda mrefu sana kwa hiyo halikusaidii kujua tarehe. Taji la miale kama jua kwenye sarafu ya fedha au ya shaba iliyopakwa fedha ni ya karne ya 3, aina aliyoianzisha mfalme Caracalla mwaka 215, na ukizipanga kwa miaka unaona kwa macho fedha inavyopungua mpaka zimebaki shaba tu. Utepe wenye lulu unaofungwa kisogoni ni wa mfalme Constantinus Mkuu na waliomfuata.

Sasa hizo shaba ndogo za ukoo wa Constantinus ndizo utakutana nazo zaidi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Nina moja mezani sasa hivi, milimita 17, gramu 2 na kitu. Nyuma kuna askari wawili wamesimama na mikuki, katikati yao bendera mbili za jeshi, na kuzunguka GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi. Hesabu bendera. Zikiwa mbili ni ya 330 mpaka 335, ikiwa moja ni kuanzia 335 na kuendelea. Mbele niliona CONSTANTI kisha pengo la kutu kisha VS, nikaandika kwenye bahasha Constantinus Mkuu, ikakaa hivyo miezi. Siku moja nimetoka zamu ya usiku nimeilaza chini ya taa nikaona baada ya VS kuna IVN NOB C. Hiyo ni "mdogo, Kaisari mtukufu", yaani mtoto wake, Constantinus wa pili. Baba angeandikwa MAX AVG. Sura karibu ileile, askari walewale, mtu mwingine kabisa. Na ukoo huu umejaa mtego huo: CONSTANTINVS, CONSTANTIVS na CONSTANS ni watu tofauti, herufi mbili tatu ndizo zinazowatenganisha, kwa hiyo usikubali kujaza pengo kwa kichwa chako, soma mpaka mwisho wa duara.

Chini ya miguu ya hao askari kuna mstari, chini ya mstari kuna herufi za mji ilikofuliwa. Yangu ina SMKA, yaani Cyzicus, karakana ya kwanza. TR ni Trier, PLG ni Lyon, SIS ni Siscia ambayo leo ni Sisak huko Kroatia, SMN ni Nicomedia, SMANT ni Antiokia, SMAL ni Aleksandria. Angalia hapa: PCONST au SCONST sio Konstantinopoli, ni Arles ya Ufaransa ambayo wakati huo iliitwa Constantina, na herufi ya karakana imetangulia. Ya Konstantinopoli inaandikwa CONS alafu ndio inafuata A, B au Γ.

Ukiona mbwa mwitu jike ananyonyesha watoto wawili na upande wa pili kichwa chenye kofia ya chuma kimeandikwa VRBS ROMA, usitafute mfalme, hayupo, ni mji wenyewe. Dada yake ni ile ya CONSTANTINOPOLIS yenye mwanamke mwenye mabawa amekanyaga omo ya meli, zote zilianza wakati mji mpya ulipozinduliwa mwaka 330. Na askari anamchoma mkuki mpanda farasi anayeanguka, FEL TEMP REPARATIO, ni kuanzia 348. Ukishapata mtawala, maandishi ya nyuma na mji, ingia OCRE, hifadhi ya bure mtandaoni ya American Numismatic Society, utapata namba yake ya RIC, ile orodha kuu ya sarafu za Kirumi.

Hatua ya 7: za Kiparthi. Waparthi tunawajua kutoka Matendo ya Mitume, wametajwa wa kwanza kabisa siku ya Pentekoste, ila wachache tunajua kwamba ufalme wao ulidumu karibu miaka 470, toka 247 KK mpaka 224 BK, ukitawala Iran na baadaye Iraki ya leo, na kwamba ndio waliomuua jemadari wa Kirumi Crassus na kuliangamiza jeshi lake pale Carrhae mwaka 53 KK. Sarafu yao kuu ni drakma ya fedha, karibu gramu 4 ikiwa nzima, na ni sarafu ninazozipenda kuliko zote.

Tatizo lake ni hili. Maandishi ni ya Kigiriki, yamepangwa mraba kumzunguka yule mwenye upinde, na ukijitahidi kuyasoma utakuta ΒΑΣΙΛΕΩΣ ΒΑΣΙΛΕΩΝ, mfalme wa wafalme, alafu ΑΡΣΑΚΟΥ, Arsakes. Unafurahi umepata jina. Hujapata, kwa sababu karibu wafalme wote wa Parthia walijiita Arsakes kwa heshima ya babu yao mwanzilishi, mmoja baada ya mwingine. Na kadiri miaka inavyokwenda waliokuwa wanachonga hawakujua tena Kigiriki, herufi zikawa vijiti vijiti tu. Kwa hiyo acha maandishi, rudi usoni.

Uliza hivi: ndevu ndefu au fupi? Kichwani ana utepe tu au kofia ndefu ya kifalme yenye nyota? Nyuma ya kichwa kuna kitu? Mithradates II (karibu 121 mpaka 91 KK) ana ndevu ndefu za kuchana, mwanzoni na utepe, mwishoni na ile kofia yenye nyota. Orodes II, ambaye ni wakati wake Crassus alikufa, ana ndevu fupi, nyingi zina nyota na mwezi mwandamo pembeni ya kichwa, na ukitazama kwa lenzi kwenye paji la uso kuna kinundu kidogo. Ni chunjua. Fundi aliyechonga chapa hakumfichia mfalme chunjua yake, na wewe miaka 2,000 baadaye unamtambua kwayo. Mwanawe Phraates IV mara nyingi ana ndege nyuma ya kichwa anamletea taji la maua mdomoni. Ukikuta mwanamke upande wa pili badala ya mpiga upinde tulia ukae chini, huyo ni malkia Musa, ambaye mwanahistoria Josephus anasema alikuwa mjakazi Augustus aliyempa Phraates zawadi, akazaa naye, na sarafu zake na mwanawe ni za 2 KK mpaka 4 BK. Ni adimu, na kwa hiyo za bandia ni nyingi.

Chini ya upinde kuna alama ndogo ya herufi zilizosukwa pamoja, hiyo ndiyo mji, mara nyingi Ecbatana, ambayo leo ni Hamadan. Namba za kutambulisha ni za Sellwood, mtaalamu aliyeziorodhesha sarafu hizi, utaona watu wanaandika S.48 au S.28, linganisha picha yako na picha za orodha hiyo mpaka upate inayofanana nayo. Na kama mfalme anatazama kulia, sarafu ni pana na nyembamba na nyuma kuna madhabahu ya moto, umeshatoka Parthia, hao ni Wasasani waliowapindua.

Hatua ya 8: za Bizanti. Hawa wenyewe walijiita Warumi mpaka mwisho. Geuza nyuma. Mwaka 498 mfalme Anastasius aliweka utaratibu rahisi ajabu, thamani inaandikwa kwa herufi ya hesabu ya Kigiriki: M ni 40, K ni 20, I ni 10, E ni 5. Ile ya M inaitwa follis. Aleksandria walikuwa na yao, IB, yaani 12.

Kuanzia mwaka wa 12 wa mfalme Justinianus, 538 kuelekea 539, mambo yanakuwa rahisi zaidi maana waliandika mwaka juu ya sarafu. Kushoto kwa M kuna ANNO, kulia namba ya mwaka wa utawala, chini CON au NIKO au KYZ au THUP. Hiyo THUP ni Antiokia, walioubadilisha jina kuwa Theoupolis, mji wa Mungu, baada ya matetemeko. Kwa Justinianus jumlisha 526 kwenye namba ya mwaka, XX inakupa 546. Za miaka ya kwanza ya mpango huo ni kubwa kweli, zaidi ya gramu 20, ukiiweka kiganjani unaisikia. Watu wawili wamekaa pamoja kwenye kiti ni mfalme Justinus II na mkewe Sophia, hata usipoona herufi hata moja. Kuanzia mfalme Heraclius wakati wa vita waligonga chapa mpya juu ya sarafu za zamani bila kuyeyusha, kwa hiyo ukiona M mbili zimelaliana au mwaka usioeleweka macho yako hayana shida, unaona sarafu mbili kwa pamoja.

Zile za karne ya 10 na 11 ambazo hazina mfalme, zina uso wa Kristo mbele na nyuma mistari ya maandishi tu, zinasema Yesu Kristo Mfalme wa wafalme. Mimi hizi naziweka kwenye trei moja karibu na drakma za Parthia, kwa sababu ni cheo kilekile, mfalme wa wafalme. Mlioko Birmingham nendeni Barber Institute kwenye chuo kikuu, wana mkusanyo wa sarafu za Bizanti ambao ni kati ya mikubwa duniani.

Na mlioko Dubai au Abu Dhabi, mnazo mfukoni: dirhamu ni ile drakma, fils ni ile follis, kama dinari ilivyotoka kwa Warumi.

Hatua ya 9: feki. Tazama ukingo kwanza, ukiona mstari umezunguka katikati ya unene ni ya kumiminwa kwenye kalibu. Vishimo vidogo vya mapovu, herufi laini kama sabuni iliyotumika, uzito uliopungua au kuzidi sana, vyote ni dalili. Mbili zinazofanana mpaka mkwaruzo, zote mbili zirudishe. Ila dinari yenye shaba inayochungulia chini ya fedha usiitupe, kuna watu walidanganyana zamani hizohizo na hiyo nayo ni ya kale. Ukiwa na shaka usinunue leo, sarafu imesubiri miaka yote hii itasubiri wiki nyingine.

Hatua ya 10: kutunza. Sio kwenye vifuko vya plastiki laini vinavyonuka, vinatoa mafuta ya kijani yanayokula sarafu. Bahasha ndogo za karatasi, boksi, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Juu ya bahasha andika kwa penseli. Yangu ile inasomeka hivi sasa: Constantinus II akiwa Kaisari, shaba, mm 17, GLORIA EXERCITVS bendera mbili, SMKA, 330–335, nilinunua kwa nani, lini, na bei. Lile jina la kwanza nililokosea nimelikata kwa mstari mmoja, sijalifuta, na risiti iko ndani.